Hesabu kwanza walioiona hiyo karatasi: mwongozo kamili wa kufichua upigaji ofisini bila kujianika

Dada mmoja ninayemfahamu, mtumishi wa halmashauri moja huku kanda ya kati, siku chache baada ya Idi alipiga picha hati ya malipo. Hela ya madarasa mawili imeshalipwa yote na kule kijijini hata msingi haujachimbwa. Akaitupia kwenye grupu la WhatsApp kwa laini ambayo hamna mtu ofisini aliyekuwa nayo, jina kaweka nukta tu, picha ya profaili hamna. Kesho yake saa nne asubuhi akaitwa. Na hamna aliyedukua kitu wala aliyeenda kampuni ya simu. Kwenye kona ya picha kulikuwa na kidole gumba kimeikandamiza karatasi isipeperushwe na feni, na juu ya kile kidole kuna ua la piko la sikukuu, majani matatu na kitone katikati. Idara nzima walikuwa wamelisifia ua lile Jumatatu yake. Alihamishwa akapelekwa mbali na watoto wake, na lile dai la madarasa likafa kwa sababu watu walianza kujadili yeye badala ya hela.

Ndo maana naandika huu mwongozo. Mi ni fundi kompyuta hapa Dodoma, kabla ya hapo nilikaa steshenari miaka miwili, na watu wananijia sana na swali moja, eti nishushie Tor au VPN gani, zile programu za kujificha mtandaoni, ambayo hawawezi kunishika. Nawaambia wote kitu kilekile, teknolojia inaficha njia uliyopita mtandaoni, haifichi kwamba karatasi ile mliiona watu wanne tu. Wengi wanaodakwa wanadakwa kwa kuhesabiwa. Kwa hiyo humu tutaanza na kuhesabu, Tor itakuja baadaye kwenye nafasi yake.

Na tuelewane kabla hatujaenda mbali, haya ni ya mtu mwenye ushahidi wa wizi, rushwa, sumu kwenye maji, dawa zinazouzwa nje wakati zahanati haina panado, vitu vya aina hiyo. Faili la mgonjwa, jina la mtoto aliyefanyiwa ukatili, mapenzi ya bosi wako, hayo siyo siri za taasisi, ni maisha ya watu, usiyaguse.

HATUA YA KWANZA: uhakikishe ni siri kweli

Utashangaa vitu vingapi watu wanahatarisha kazi kuvivujisha wakati viko wazi. Ripoti ya CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inaenda kwa Rais kila mwisho wa Machi kisha inawasilishwa bungeni Aprili, safari hiyo ya kwa Rais kisha bungeni ipo kwenye ibara ya 143 ya Katiba, na ukiipakua kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi utakuta halmashauri zinatajwa kwa majina, vocha zisizo na viambatisho, miradi iliyolipwa ikatelekezwa. Tenda za serikali sa hivi zinapita kwenye mfumo wa NeST ulioanza 2023, na taarifa za nani kapewa mkataba gani zinaonekana humo. Hansadi za Bunge, yaani kumbukumbu za mijadala, zipo. Kule kijijini mkutano mkuu unatakiwa kukaa kila miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe, yabandikwe kwenye ubao. Na kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inayokuruhusu raia kuandika barua ukaomba.

Kwanini nakomaa na hili? Kwa sababu karatasi ya wazi haina mvujishaji. Ukipata ukurasa wa CAG unaosema kitu kilekile unachokijua wewe kutoka ofisini, basi mwambie mwandishi wa habari aanzie pale, aende site akapige picha ya msingi ambao haupo, na wewe unabaki kazini kwako unakunywa chai. Nimeona mara mbili hii inafanya kazi vizuri kuliko waraka wowote wenye muhuri wa SIRI.

HATUA YA PILI: hesabu duara (usiiruke hii)

Chukua karatasi tupu, andika majina ya kila mtu aliyeiona ile nyaraka au aliyeweza kuiona, hao ndo duara. Aliyeiandaa, aliyesaini, masijala waliofungua jalada, aliyeipeleka na daftari la dispachi, aliyeichapa. Kama iko kwenye e-Office, ule mfumo wa majalada ya kompyuta, kumbuka kila aliyefungua kaacha alama, saa na dakika. Mifumo ya malipo kama MUSE na FFARS vilevile, kila mtumiaji ana akaunti yake, na ukiingia kuangalia malipo ambayo siyo ya kazi yako, ule mfumo umeshakuandika tayari hata kama hujachapa kitu. Ukimaliza kuhesabu ichome hiyo karatasi.

Mfano wa kukumbuka siku zote ni wa Reality Winner, Marekani, 2017. Alikuwa anafanya kazi kwa mkandarasi wa shirika la ujasusi la NSA, akachapa ripoti moja, akaitoa nje mkononi na kuituma kwa posta kwa chombo cha habari. Waandishi wakaionyesha serikalini ili kuthibitisha. Wachunguzi wakaona kurasa zina mikunjo, maana yake imechapwa ikatolewa kwa mkono. Wakaangalia kwenye mfumo nani kaichapa, wakapata watu sita. Kati ya hao sita mmoja tu kompyuta yake ya kazini ilikuwa na imeili alizowahi kuwasiliana na chombo kilekile. Ikaisha. Alihukumiwa miaka mitano na miezi mitatu mwaka 2018. Hakuna Tor duniani ambayo ingemsaidia, duara lilikuwa la watu sita na yeye alikuwa na alama ya ziada.

Sasa ukihesabu ukapata watatu, wanne, watano, jibu langu ni usitoe hiyo nyaraka. Usitoe kwanza. Subiri duara likue. Huku kwenye halmashauri zetu hela nyingi mwishowe zinapita kamati ya fedha, na pale makabrasha yanagawiwa kwa madiwani, makatibu, wakuu wa idara, mara watu wanne wamekuwa arobaini, na kabrasha moja linasahaulika kwenye kiti cha gari, lingine linafungiwa maandazi. Subira ya wiki sita inaweza kukukinga kuliko programu yoyote. Na kama haliwezi kusubiri, watu wanaumwa kwa mfano, basi usitoe karatasi, toa maelezo, mpe mwandishi swali la kuuliza. "Waulize jalada la mradi fulani lina cheti cha kukamilika kilichosainiwa tarehe ngapi." Swali halina alama ya printa wala kidole chenye piko.

Kuna mtego pia ambao wakubwa wanaojua wanautumia, waraka mmoja unagawiwa watu watano na kila mmoja ana tofauti ndogo, koma imehama, neno moja limeandikwa tofauti, nafasi mbili badala ya moja. Ukivuja wanasoma koma. Kwa hiyo hata duara likiwa kubwa mwambie anayepokea asichapishe picha ya waraka wala asinukuu neno kwa neno, aeleze kwa maneno yake.

HATUA YA TATU: sheria zinasemaje

Hapa nitapita haraka, mi siyo wakili na wewe tafuta wakili kabla hujafanya lolote zito, vikundi vya watetezi wa haki kama THRDC na LHRC vina watu wa kukuelekeza.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015. Inakulinda ukitoa taarifa ya uhalifu au matumizi mabaya ya mali ya umma kwa nia njema, kwa mamlaka husika, na jina lako halitakiwi kuanikwa. Angalia hayo maneno mamlaka husika. Mwandishi wa habari siyo mamlaka husika, grupu la WhatsApp ndo kabisa. TAKUKURU ni mamlaka, makao makuu yao yapo hapahapa Dodoma na namba yao ya bure ni 113. Upande wa pili kuna Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inayobana nyaraka zenye madaraja ya siri, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kwa hiyo hati ya malipo ya madarasa na waraka wenye muhuri wa SIRI KUU ni vitu viwili tofauti kabisa mbele ya hakimu, hata kama vyote vimeelezea wizi uleule. Ujue umeshika kipi.

Na sheria inaweza kumgeukia hata anayekuhifadhi. Desemba 2016 Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums alikamatwa akapelekwa mahakamani, moja ya mambo ilikuwa kukataa kutoa taarifa za watumiaji wake kwa polisi. Alikataa, na namheshimu sana kwa hilo, ila wewe usijenge usalama wako juu ya ujasiri wa mtu mwingine. Panga mambo kiasi kwamba hata akilazimishwa kusema hana cha kusema.

HATUA YA NNE: simu yako inakusema

Laini yako ni dole gumba lako. Tangu usajili wa alama za vidole na namba ya NIDA, uliofungwa Januari 2020 na laini nyingine zikazimwa, kila namba nchini ina mtu. Watu wanadhani dawa ni kupata laini ya mtu mwingine. Usifanye hivo, kwanza ni kosa, pili unamtwisha bibi wa watu wa Bahi kesi ambayo hajui imetoka wapi.

Halafu kuna kitu wengi hawakijui. Bonyeza *#06# kwenye simu yako sa hivi. Hiyo namba ndefu ni IMEI, ni ya kifaa chenyewe, na mtandao unaiona kila simu inaposhika mnara. Mnakumbuka Juni 2016 simu feki zilivyozimwa usiku mmoja? Waliziona kwa IMEI. Kwa hiyo ukichomoa laini yako ukaweka nyingine kwenye simu ileile, mtandao unaona kifaa ni kilekile kimevaa shati jingine. Na hata ukinunua simu ya pili, ukitembea nazo zote mbili mfukoni kutoka Kisasa mpaka Mtumba kila asubuhi, minara inaona namba mbili zinazolala pamoja, zinapanda daladala pamoja na kula chakula cha mchana pamoja.

Kanuni yangu ni fupi, simu haishiriki. Siku ya kufanya lolote la maana simu inabaki nyumbani, imewashwa, mahali pake pa kawaida, usiizime, maana simu isiyozimwa mwaka mzima ikizimwa Jumamosi moja saa nane hadi saa kumi nayo ni taarifa.

WhatsApp inafunga ujumbe kuanzia mwisho mpaka mwisho tangu 2016, ni kweli, ila nani kaongea na nani, saa ngapi, grupu gani, hiyo inabaki. Na nakala ya meseji zako inaweza kuwa imelala kwenye akaunti yako ya Google bila kufuli. Signal ni bora zaidi kwa hili. Mwaka 2016 mahakama Marekani iliwadai taarifa za mtumiaji, walichokuwa nacho ni tarehe akaunti ilipofunguliwa na siku ya mwisho kuingia, basi. Tangu 2024 Signal ina majina ya watumiaji, unaweza kumpa mtu jina badala ya namba, lakini kuifungua bado unahitaji namba ya simu, kwa hiyo laini yako ileile ya NIDA. Itumie kuongea na wakili, na mtu mliyeshaaminiana. Weka meseji zijifute, ingia kwenye faragha uweke namba yako isionekane na mtu yeyote, na usitumie alama ya kidole kufungulia simu, tumia tarakimu sita au zaidi, maana kidole mtu anaweza kukishika akakibandika kwenye simu hata hujakubali.

HATUA YA TANO: karatasi na picha

Narudi steshenari. Nataka muone kitu nilichokiona kila siku. Mteja anakuja, "kaka nakutumia kwenye WhatsApp unichapie kurasa mbili," anatuma, nachapa, analipa mia nne anaondoka. Ile kompyuta ina WhatsApp imefunguliwa siku nzima na folda la kupakua halifutwi, nilifungua siku moja nikakuta miaka mitatu ya maisha ya watu, vyeti vya kidato cha nne, nakala za NIDA, barua za talaka, mikataba ya viwanja, na humo katikati barua ya mtumishi mmoja akilalamikia mkubwa wake kwa jina. Hakuna aliyemfanyia ubaya, nilizifuta zote. Lakini nani mwingine alikuwa amekaa pale kabla yangu? Steshenari siyo mahali pa kuchapa, kuskani wala kutoa kopi ya kitu kama hiki. Mashine kubwa za kopi nyingi zina hadi kumbukumbu ndani, zinabaki na sura ya ulichokopi.

Printa za leza za rangi nazo, nyingi zinachapa vitone vya njano vidogo sana ambavyo jicho halivioni, vinaandika namba ya mashine na saa ya kuchapa. Wataalamu wa EFF, shirika la Marekani la kutetea haki mtandaoni, walivisoma kwenye printa za Xerox DocuColor mwaka 2005, na kwenye ile ripoti ya Winner vitone hivyo vilionekana kabisa baada ya kuchapishwa mtandaoni. Ndo maana narudia, anayepokea asitoe picha ya waraka.

Kama lazima upige picha: meza tupu, siyo ya ofisini. Mikono hamna. Kitenge hamna, vigae hamna, kikombe hamna, kivuli cha kichwa chako hamna. Angalia kingo za karatasi, matobo ya panchi, pini iliyokaa upande, doa la chai, hivyo vyote vinaitambulisha nakala iliyokuwa kwenye jalada fulani. Picha yenyewe ndani yake imebeba aina ya simu, saa, na mara nyingi mahali. John McAfee mwaka 2012 alikuwa anajificha na polisi wanamtafuta, waandishi waliokuwa naye wakapandisha picha yake moja mtandaoni na ndani ya picha kulikuwa na ramani kamili, watu wakajua yuko Guatemala. WhatsApp inaondoa hizo taarifa ukituma kama picha ya kawaida, ila ukituma kama dokumenti inabaki nazo zote. Njia nyepesi ni kupiga skrinishoti ya ile picha na kutumia skrinishoti. Njia nzuri ni programu ya kusafisha metadata, yaani hizo taarifa zilizojificha ndani ya faili, kwenye Tails ambayo nitaieleza ipo tayari ndani. Faili la Word na PDF pia, yanabeba jina la kompyuta iliyoandika, unaweza kukuta "imeandaliwa na" na jina lako kamili.

Kufuta majina: funika kwa boksi jeusi tii. Usitumie ukungu, usitumie ile kalamu nyeusi ya kuchorea kwenye simu maana mtu akiongeza mwanga wa picha maandishi yanajitokeza chini yake. Kwenye PDF boksi jeusi mara nyingi limekaa juu tu ya maandishi kama shuka juu ya kitanda, Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Trump, waliwasilisha mahakamani waraka wa namna hiyo na watu wakanakili yaliyofunikwa wakayabandika pengine wakayasoma yote. Ukishafunika, igeuze kuwa picha, halafu ijaribu mwenyewe kuifunua.

HATUA YA SITA: sasa Tor

Tor ilianzia kwenye maabara ya jeshi la majini la Marekani katikati ya miaka ya 90. Wazo lake ni rahisi. Ujumbe wako unafungwa matabaka kama kitunguu na kupitishwa kompyuta tatu za watu wa kujitolea, ya kwanza inakujua wewe lakini haijui unaenda wapi, ya katikati haijui kitu, ya mwisho inajua unapoenda lakini haikujui. Tofauti na VPN ni kwamba VPN ni kampuni moja inayojua yote mawili. Tangu mtandao wa X (zamani Twitter) ulipozuiwa huku kwetu Mei 2025 watu wengi wamezoea VPN na wanadhani wamejificha, hapana, VPN imekuvusha ukuta tu, mwenye VPN anakuona vizuri, na za bure ndo usiseme. Halafu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, Oktoba 2023 ilitoa tangazo la kutaka wanaotumia VPN wajisajili, nalo lijue.

Pakua Tor Browser kutoka torproject.org yenyewe, siyo linki ya grupu. Usiipakulie wala kuitumia kwa waifai ya ofisi, ya chuo, wala popote unapoingia kwa jina lako. Tor inaficha unachofanya, haifichi kwamba unatumia Tor. Desemba 2013 mwanafunzi wa Harvard alituma vitisho vya bomu ili akwepe mtihani, alitumia Tor, lakini kwa waifai ya chuo, wakaangalia nani katumia Tor saa zile wakamfuata chumbani akakiri. Alichofanya ni uhalifu, ila jinsi alivyopatikana ni lile duara letu tena. Kwenye mipangilio ya muunganisho kuna kitu kinaitwa madaraja, chagua Snowflake au obfs4, yanasaidia matumizi ya Tor yasionekane kirahisi kwa mtoa huduma, na yanasaidia pia Tor yenyewe ikizuiwa.

Ukiwa ndani ya Tor usiingie kwenye Facebook yako, imeili yako, chochote chako. Ukiandika jina lako ndani ya kinyago kinyago hakina kazi. Usilipanue dirisha la brauza, usiongeze vitu, faili ulilopakua usilifungue ukiwa na intaneti.

Hatua zaidi ya hapo ni Tails. Hii ni mfumo mzima wa kompyuta unaokaa kwenye flashi, GB 8 au zaidi, unachomeka kwenye laptopu, unaiwasha kupitia flashi badala ya diski, kila kitu kinapita Tor, na ukizima hakuna kinachobaki kwenye ile laptopu. Edward Snowden, yule aliyefichua siri za NSA, aliitumia 2013. Haikubali kwenye simu, wala kwenye Mac mpya za chipu za Apple. Laptopu ya zamani ya laki mbili inatosha kabisa, isiwe ya ofisi. Kutengeneza flashi yenyewe fuata maelekezo ya tovuti yao taratibu, ukifika sehemu ya kuhakiki faili usiiruke. Wengi wanakwama pale pa kuingia kwenye flashi, unapaswa kubonyeza kitufe mara tu laptopu inapowaka, kwenye HP mara nyingi ni F9, Dell na Lenovo F12. Ndani yake unaweza kutenga sehemu yenye kufuli ya kuhifadhi vitu, pasiwedi yake iwe maneno sita au saba yasiyohusiana, yaliyotoka kwa kubahatisha, changanya Kiswahili na Kigogo ukitaka, lakini isiwe methali wala mstari wa Biblia.

Na kumbuka 29 Oktoba 2025, siku intaneti ilipozimwa nchi nzima. Siku kama ile Tor, VPN, Signal vyote ni sawa na kibiriti kilicholowa. Nakala yako pekee isiwe imelala mtandaoni.

HATUA YA SABA: unampa nani, na unampaje

Mfikirie mpokeaji kabla ya faili. Akiwa TAKUKURU una kinga ya sheria ya 2015, na kwa mambo ya halmashauri mi naona ndo pa kuanzia, ila nenda ofisi ambayo siyo ya wilaya yako kama wote mnajuana na mnasali pamoja. Kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Kwa makubwa yanayovuka mipaka kuna PPLAAF, ilianzishwa 2017 mahsusi kulinda watoa taarifa wa Afrika, wana mawakili na njia salama ya kupokea nyaraka, ndio waliopokea zile za Luanda Leaks zilizotoka Januari 2020 kuhusu utajiri wa binti wa rais wa zamani wa Angola.

Vyombo vikubwa vya habari duniani vinatumia SecureDrop. Hii Aaron Swartz aliianza na ikatoka 2013, unaifungua kwa Tor Browser kwenye anwani ndefu inayoishia na .onion, unapandisha faili, unapewa maneno kadhaa ya siri ya kurudia kuangalia majibu, huulizwi jina wala imeili. Anwani yake ichukue kwenye tovuti ya chombo chenyewe, na hata hiyo tovuti uifungue kwa Tor, kutembelea ukurasa wa "tutumie siri" kwa bando lako la kawaida ni kama kupiga hodi ukiwa umevaa sare za ofisi.

Imeili ya kawaida acha. Hata zile zenye sifa, Proton ya Uswisi mwaka 2021 ilitakiwa na mamlaka za kwao kurekodi anwani ya intaneti ya mwanaharakati wa Ufaransa, ikatii kwa sababu sheria ni sheria. Angekuwa anaingia kwa Tor, wasingepata kitu cha maana.

HATUA YA NANE: mdomo

Chelsea Manning, askari wa Marekani aliyewapa WikiLeaks nyaraka za siri, mwaka 2010 hakushikwa na kompyuta. Alikuwa mpweke, akamwambia mtu mmoja mtandaoni, yule akaenda kuripoti. Naelewa kabisa, ukibeba kitu kizito peke yako unatamani mtu mmoja ajue. Mwenza wako, pacha wako wa bweni la UDOM, mchungaji. Mtu huyo unamwongeza kwenye duara, na siku akiulizwa unamlazimisha achague kati yako na watoto wake. Kama ni lazima kuongea, ongea na wakili, yeye ana wajibu wa kutunza siri.

HATUA YA TISA: baada ya kutoka

Kabla hujatuma jua kwamba inaweza kukugharimu hata ukiwa umefanya yote sawa. David Munyakei alikuwa karani wa Benki Kuu ya Kenya, ndiye aliyetoa nyaraka za kashfa ya wizi ya Goldenberg mwanzoni mwa miaka ya 90. Alikamatwa 1993, kesi ikafutwa, kazi hakurudishiwa, akafa 2006 akiwa fukara wakati wezi wa mabilioni wanatembea. Nayasema haya kwa heshima yake. Weka akiba ya miezi kadhaa, vyeti vyako na mkataba wako wa ajira viwe na nakala nyumbani, na andika pembeni tarehe ya kila jambo litakalokupata kazini.

Habari ikitoka, wewe ni mtu wa kawaida. Usiweke like, usisambaze, usitoe maoni, lakini pia usiwe peke yako uliyenyamaza, wenzako wakishangaa kwenye chai shangaa nao. Usiombe likizo wiki ile. Usibadilishe simu. Usirudi kule ulikotumia kutuma ukaangalie imesomwa na wangapi, kama uliachiwa maneno ya siri ya SecureDrop angalia mara moja baada ya siku kadhaa, kwa Tails, pasipo simu. Ukiitwa kuhojiwa una haki ya kuwa na wakili, itumie, na usiongee kwa hasira kuonyesha unajua zaidi ya anayekuhoji.

Flashi ya Tails ikishamaliza kazi kuifuta tu haitoshi, faili kwenye flashi linafufuka, mi nawafufulia watu picha za harusi kila wiki. Fungua ganda, toa ile chipu nyeusi, ivunje kwa koleo vipande vipande, na vipande usivitupe kwenye pipa moja.